Dungu la Mashavu, Upande wa Korongo

Mashavu hakuwahi kukaa kitini mpaka kikapata joto. Akila, alikula amesimama mlangoni, bakuli mkononi. Akisuka ukili, aliusuka huku anazunguka nyumba. Kule Sindeni alikozaliwa walimwita Miguu, na jina likamfuata kila alikokwenda, wala yeye hakulikataa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na akisimama kuongea na mtu, mguu mmoja ulikuwa umeshaanza safari.

Bendera ya Uhuru ilipopanda alikuwa Korogwe, mke wa mkata mkonge, na yeye mwenyewe kibarua wa kuanika singa, nyuzi za mkonge. Kazi ilikuwa hivi: singa zilitoka mashineni mbichi, zinanuka, na wanawake wakazitandaza juu ya nyaya ndefu zilizofungwa nguzo kwa nguzo, mpaka jua lizikaushe ziwe nyeupe. Kila asubuhi, kabla ya singa, kati ya waya na waya kulikuwa na tando za buibui, na mnyapara hakutaka kuziona. Mashavu akapewa ufito. Alipita mstari kwa mstari akizichana, na kesho yake alizikuta palepale, mpya, kana kwamba hakuna aliyezigusa. Miaka sita alipigana na buibui.

"Hawa wadudu hawana haya," aliwaambia wenzake. "Mtu ukimvunjia nyumba mara mbili anahama. Hawa unawavunjia kila siku ya Mungu."

Kisha bei ya katani ikaanguka. Vibarua wakapunguzwa, wanaume kwanza, wanawake baadaye. Mume wa Mashavu akasema anakwenda Tanga kutafuta kazi bandarini. Akaenda, na hakurudi. Mashavu akauza maandazi stesheni, akauza ndizi za Dindira zilizoshuka mlimani kwa vikapu, akachoka kuuza. Siku moja akajifunga kanga ya pili na kutembea mpaka Handeni kwa mdogo wake, Hiza.

Hata huko hakukaa. Mwaka wa sabini na nne operesheni ya vijiji ikafika, malori yakaja, na watu wote wa mabondeni wakapelekwa kwenye kijiji kipya kati ya Sindeni na Misima, nyumba zimepangwa mstari kama vitanda vya hospitali. Kijiji kikaitwa Azimio. Katika daftari la kijiji Hiza aliandikwa juu, mkewe Shida akafuata, halafu watoto watano, na chini kabisa, karibu na ukingo wa karatasi: Mashavu, dada.

Alilala jikoni kwa Shida, kati ya mafiga na kuku. Alikuwa na miaka kama thelathini na minane, na kitu kimoja tu alikitaka sasa: kiwanja kwa jina lake. Alilisema hilo mkutanoni, mbele ya watu wote.

"Ndugu Mwenyekiti, kiwanja changu kiko wapi?"

Mwenyekiti alikuwa Abdi Sadala, mtu mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Alifunua daftari. "Wewe umo kwa Hiza."

"Nimo kwa Hiza kama nini? Kama mbuzi?"

Watu wakacheka. Abdi Sadala naye akataka kucheka, akajizuia. "Viwanja wanapewa wakuu wa kaya, mama."

"Nina sufuria yangu, nina jembe langu, nina mdomo wangu. Kaya gani inataka zaidi ya hapo?"

"Inataka mume!" mtu akadakia kutoka nyuma.

"Huyo nilikuwa naye. Aliondoka na ile sufuria kubwa."

Kicheko kikazidi. Hapo Hiza akasimama, uso umeiva kwa aibu. "Mwenyekiti, dada hatakaa bila kaya siku nyingi. Mzee Mbaruku ameshaniletea neno. Mavuno yakiisha, tunamaliza."

Mashavu alikuwa halijui neno hilo. Alimtazama Mzee Mbaruku, aliyekaa mbele kwenye kigoda. Alikuwa mjumbe wa kamati, mwenye wake wawili na wajukuu wasiohesabika, si mtu mbaya hata kidogo. Mzee alikohoa na kuangalia makubadhi yake. Mashavu akahisi nyayo zinamwasha, kama siku ile aliyotoka Korogwe. Angeweza kuondoka usiku uleule. Lakini kwenda wapi? Kila alikokuwa anakwenda zamani, watu wamehamishwa.

"Mwenyekiti," akasema, "mtama wa ujamaa upande wa korongo nani anaulinda?"

Kila mtu alijua jibu. Mwaka ule, baada ya njaa, amri ilitoka watu walime mtama, na Azimio walilima. Lakini kazi ya kuamia shamba na kufukuza ndege tangu zamani ni ya watoto, na watoto wote sasa wako shuleni mpaka mchana. Sehemu nyingine za shamba walipangwa watu kwa zamu, kila sehemu na watu wake sita. Zile heka mbili za korongoni, ambako ndege wa kwelea hulala kwenye matete na tumbili hushuka kwenye mikuyu, hakuna aliyezitaka.

"Nipeni mimi," Mashavu akasema. "Peke yangu. Mtama ule ukiingia ghalani, mniandikie kiwanja. Ukiliwa, nitamsikiliza Hiza."

Abdi Sadala aliwaangalia wajumbe, mmoja mmoja. Mzee Mbaruku akatikisa kichwa polepole kukubali. Labda aliona hana cha kupoteza.

"Haya," Mwenyekiti akasema. "Watu wote mmesikia."

*

Dungu lilikuwa katikati ya heka zile mbili: nguzo nne, jukwaa la fito, kipaa cha nyasi. Siku ya kwanza Mashavu hakulipanda. Alikimbia. Alikuwa na kombeo na mfuko wa madonge, na sauti iliyozoea kuita wateja stesheni. Masuke ndiyo kwanza yalikuwa yanatoka, na ndege walikuja kuonja tu. Akirusha donge huku, wao wakahamia kule. Akikimbilia kule, wakarudi huku. Jioni ya siku ya nne sauti ilikuwa imekatika, miguu imechanwa na majani ya mtama, na ndege walimwimbia juu ya kichwa.

Shida alimletea uji. "Wifi, unacheza nao kibe?"

Mashavu akaunywa uji amesimama.

Siku ya tano alifika kabla jua halijachomoza, akaketi chini ya ngazi ya dungu kupumua kidogo. Mbele ya pua yake, kati ya mabua mawili, buibui alikuwa kazini. Alikuwa jike kubwa, mgongo wa rangi ya manjano na mistari myeusi. Mashavu alinyoosha mkono aichane ile kazi, kwa mazoea tu. Kisha mkono ukasimama. Miaka sita ya kuchana, na hakuwahi hata siku moja kuona utando unavyofumwa.

Buibui alikuwa ameshafunga nyuzi za kwanza, zile ngumu, zinazotoka katikati kwenda pembeni kama miti ya paa la msonge. Akatoka katikati akizunguka, anaacha uzi wenye nafasi kubwa kubwa, haraka haraka, mpaka karibu na ukingo. Mashavu akadhani amemaliza. Lakini yule mdudu akageuka, akaanza kurudi kutoka nje kuingia ndani, safari hii kwa makini, mguu wa nyuma unapima nafasi, anabandika uzi mwingine, na kila alipoufikia ule uzi wa kwanza aliukata na kuula. Ulikuwa wa kukanyagia tu, kama jukwaa la fundi wa ukuta. Nyumba ikiisha, jukwaa linabomolewa.

Mashavu alijaribu kwa kidole. Uzi unaotoka katikati haukunasa. Ule wa kuzunguka ulinasa, una ulimbo, vitone vidogo vimepangana kama shanga. Ndiyo maana mwenyewe alipita kwenye nyuzi kavu, akikwepa ulimbo wake. Akamaliza, akaketi katikati kichwa chini, miguu minane imegusa nyuzi kila upande. Akatulia.

Panzi mdogo akaruka, akanasa. Buibui hakukimbilia hovyo. Alivuta uzi mmoja, akavuta mwingine, kama mtu anayeuliza, "Nani? Uko wapi?" Halafu akaenda moja kwa moja mahali penyewe, akamzungushia panzi sanda nyeupe, akarudi kukaa.

"Kumbe," Mashavu akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya chura. "Wewe hukimbii. Wewe unaulizia."

*

Siku tisa alisokota kamba. Mkonge ulikuwepo kwenye mipaka ya mashamba ya zamani, umeachwa. Alikata majani, akayaparuza kwa panga juu ya gogo mpaka singa zikatoka, akazianika, akazisokota pajani, na nyingine akazisokota akitembea, huku anafukuza ndege, huku anatukana tumbili. Kazi ya kutembea na kusokota ilimfaa. Alipata nyuzi saba ndefu; ya nane haikupatikana, mkonge uliisha. Alizifunga kwenye jukwaa la dungu, akazipitisha juu ya masuke kwenye panda za miti, mpaka kwenye vigingi ukingoni mwa shamba. Kila hatua chache alining'iniza makopo ya mafuta ya kupikia na makombe ya konokono. Akivuta uzi, upande ule wote ulipiga kelele: kwakwakwakwa! Ndege wakaruka kama vumbi.

Alizikaza saa sita mchana, jua kali, mpaka zikalia kama waya za Korogwe. Alipendezwa nazo. Jioni alikwenda kulala jikoni kwa Shida, na usingizi ulimjia vizuri kwa mara ya kwanza tangu mkutano.

Alfajiri, adhana haijaisha, makopo yakaanza kulia yenyewe.

Kijiji kizima kiliamka. Wanaume walitoka na mapanga, mtu akapiga yowe kwamba tembo wameingia. Mashavu aliwapita wote mbio. Walipofika korongoni hapakuwa na tembo, wala nguruwe, wala ndege hata mmoja. Kulikuwa na umande tu. Katani ikinywa maji hunenepa, na ikinenepa hujifupisha. Usiku kucha nyuzi zilikuwa zikijivuta. Mbili zilikatika. Moja iling'oa kigingi, ikaruka na makopo yake juu ya mtama. Nyingine ilivuta panda zake zote, ikalaza mstari mzima wa mabua chini, masuke yamevunjika shingo.

Korogwe alizishika singa miaka sita, lakini zilikuwa singa za kuanika tu, hazikuwa kamba. Hakujua.

Shida aliyatazama mabua yaliyolala, akashika kiuno. "Jamani, hapa hakula ndege. Hapa kala wifi yangu."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Hiza hakucheka. "Dada, unatutia aibu. Njoo nyumbani. Mambo haya yana mwisho wake, na mwisho wake unaujua."

"Bado mtama umesimama, Hiza."

"Umesimama kwa sababu hujaushika wote!"

Abdi Sadala alivua miwani akaifuta. "Mama Mashavu, nitakuacha. Lakini ukiangusha mstari mwingine nitaweka watu wengine hapa. Na ahadi yangu itakuwa imekufa."

Walipoondoka, Mashavu hakuweza kukaa wala kusimama. Alizunguka shamba mara nne. Aliwaza barabara ya Korogwe, aliwaza lori la chama linalopita Ijumaa. Mzee Mbaruku ana nyumba nzuri ya bati, watu walisema. Ndani ya nyumba ya bati, mke wa tatu anakaa wapi? Pembeni ya karatasi tena, chini ya majina.

Alirudi kwenye ngazi ya dungu. Umande uliokata kamba zake ulikuwa umejaa kwenye utando wa buibui pia, mzito, matone makubwa. Utando umebonyea kama chandarua. Haukukatika hata uzi mmoja. Mashavu aliuvuta ule wenye ulimbo kwa ncha ya jani: ukarefuka, ukarefuka, akauachia, ukarudi mahali pake bila kulegea. Halafu akatazama zile nyuzi ngumu zimefungwa wapi. Hazikufungwa kwenye kitu kigumu. Zilifungwa kwenye ncha za majani ya mtama. Upepo ukija, jani linainama, uzi unakwenda nalo na kurudi nalo.

Yeye alikuwa amefunga kwenye vigingi.

*

Mwalimu Hosiana alimkuta mchana anakata fito za mkole kando ya korongo. Alikuwa msichana wa Kisambaa, ametoka Dindira kuja kufundisha shule ya kijiji, na jioni alifundisha kisomo cha watu wazima.

"Shikamoo mama. Jina lako ninalo kwenye kisomo, mwenyewe sikuoni."

"Marahaba mwalimu. Mimi nikikalishwa kwenye benchi, kichwa kinazunguka. Shika hapa."

Hosiana akashika. Walichimbia ufito mmoja ukingoni, mrefu, laini, na Mashavu akafunga mwisho wa kamba kwenye ncha yake. Kamba ikivutwa, ufito uliinama, ikiachiwa, ulijinyoosha. Sasa katani ingeweza kunywa umande inavyotaka. Ufito ungeipa.

"Nani kakufundisha?"

Mashavu akamwonyesha yule wa manjano. Kisha, kwa sababu alikuwa ameanza kuona buibui kila mahali, akamwonyesha mwingine chini kwenye ardhi ngumu ya njia: kitundu kidogo kilichofunikwa hariri ndani, na mdomoni nyuzi chache zimelazwa chini kila upande, bila ulimbo, bila mapambo.

"Huyu hana nyumba ya hewani," Mashavu akasema. "Anakaa shimoni, anasubiri siafu akanyage uzi, anatoka anamkamata. Mimi naona huyu ndiye bibi yao."

Hosiana alicheka kwa mshangao. "Kitabu nilichosoma chuoni kinasema karibu hivyohivyo. Eti wa zamani kabisa walikaa mashimoni namna hii. Halafu wadudu walipoanza kuruka, chakula kikawa juu."

"Nani akawahamisha? Walikuwa na mwenyekiti?"

"Hakuna aliyewahamisha, mama. Waliotega nyuzi juu kidogo walipata kidogo zaidi, wakazaa zaidi. Watoto wakazaliwa na tabia ileile. Nao waliotega juu zaidi, hivyohivyo. Miaka mingi mno, hesabu ya shule haifiki."

"Na huyu wa shimoni hakupanda?"

"Hakupanda. Siafu bado wanatembea chini."

Mashavu aliliwaza hilo huku akifunga fundo. "Basi kila mmoja alibaki panapomlisha," akasema. Halafu akawa ameshaondoka kwenda kuchimbia ufito wa pili, na Hosiana akamfuata mbio, ameshika kamba.

*

Nyuzi sasa zilifanya kazi, lakini ilibaki kazi iliyo ngumu kuliko zote. Ilibidi Mashavu akae.

Ukivuta kamba kila wakati, ndege wanazoea. Siku ya pili tu kwelea walikaa juu ya makopo yenyewe wakipiga soga. Kelele zilitakiwa zije pale walipotua, wakati uleule wa kutua, na kwingine kote kuwe kimya. Kwa hiyo alikaa katikati ya dungu, kamba nne amezizungusha kwenye vidole vya miguu, tatu mikononi, na akasubiri kamba ziseme.

Wiki tatu za kukaa hivyo zilimtesa kuliko ukame. Goti lilitaka kuruka. Mgongo uliwasha. Akili ilikimbia: Sindeni, stesheni, Tanga, nyumba ya bati. Akitikisa mguu mmoja tu, makopo yalilia bure na ndege walicheka. Alijifunza kuuma kanga. Alijifunza kupumua kidogo. Na vidole vyake vikajifunza kusikia. Upepo ulizitikisa nyuzi zote saba pamoja, kwa kupepea. Ndege mmoja alikuwa kama tone la mvua. Kundi lilikuwa kama mtu anayemimina mchele, na hapo alivuta, kwakwakwa, wakaruka, wakahamia upande wa pili, na huko nako kamba ikasema, akavuta. Tumbili alikuwa na mikono: uzi ulibonyea, ukakaa, ukabonyea tena.

Siku moja kundi kubwa la kwelea lilishuka kama moshi, nyuzi zote zikamiminika kwa pamoja, na akavuta mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Kona ya karibu na mikuyu, pale ambapo uzi wa nane ungekuwapo, wakaila yote. Aliona masuke yanageuka makapi mbele ya macho yake na hakuweza kunyanyuka, maana akinyanyuka upande mwingine wote ungeliwa. Alilia amekaa.

Mtama ukakomaa. Kamati ikaja kukagua asubuhi moja bila kumwambia. Alikuwa juu ya dungu kama kawaida, na mtama ulikuwa mrefu kuliko mtu, masuke mazito mekundu. Hakuwaona. Walimfikia kwanza kwenye kidole cha mguu wa kushoto: watu watatu, wanasukuma mabua. Kisha sauti.

"Kona hii yote imekwisha." Huyo alikuwa Hiza, aliyefuatana na kamati. "Mwenyekiti, ahadi ilikuwa mtama uingie ghalani. Huu umeliwa."

"Ni kona, Hiza," sauti ya Abdi Sadala. "Ulizia upande wa zamu. Watu sita wenye midomo, wamebakiza mabua."

"Kona au shamba, umeliwa. Na mimi ndiye niliyemwandika kwenye kaya yangu. Mzee Mbaruku, si tumekubaliana?"

"Hilo lipo," ikajibu sauti ya tatu, nzito, haina haraka. "Lakini tuone shamba lote kwanza."

Wakaendelea. Mashavu alizisikia hatua zao kwa kidole kimoja baada ya kingine. Hiza alitembea kwa kukwaruza, kama mtu mwenye hasira. Mwenyekiti alisimama kila mara. Na yule mwingine alitembea polepole, mzito, makubadhi yakiburura. Akashika kamba kwa mkono ili aipite. Uzi wa tatu ulibonyea, ukakaa. Haikuwa ndege, na haikuwa tumbili. Mashavu alijua kabisa ni nani.

Alivuta kwa nguvu zake zote.

Makopo matano yalilipuka kwenye masikio ya Mzee Mbaruku. "Laa ilaaha!" alipiga ukelele, akaruka juu, kubadhi moja likaenda zake, akaanguka kwa makalio ndani ya mtama. Kisha Abdi Sadala akaanza kucheka, cheko la mtu aliyejizuia tangu siku ya mkutano, na hata Hiza akashindwa, akacheka.

"Shikamoo mzee!" Mashavu akaita kutoka juu. "Samahani, nilidhani ni tumbili!"

"Hukudhani!" Mzee Mbaruku akajibu kutoka chini. Alisimama akijipangusa, akitafuta kubadhi lake, na yeye pia mabega yalikuwa yanatikisika. "Hukudhani chochote, mwanamke wewe. Hiza, mwanangu, lile neno nimelirudisha. Mke anayejua nilipo bila kuniona, na akanivuta kamba? Nina miaka sitini na tatu. Nitakufa kabla ya mwezi kuisha. Mpeni kiwanja, nami nilale salama."

Hiza akaliokota kubadhi kati ya mabua, akampa mzee.

Mashavu alishuka ngazi. Miguu ilikuwa na ganzi kwa kukaa, akajikwaa kidogo, akasimama mbele ya Mwenyekiti. Abdi Sadala alikuwa bado anafuta machozi ya kicheko. Alitazama ile kona iliyoliwa, akatazama masuke mengine yote yaliyosimama, mekundu, mazito, mpaka kwenye ukingo wa korongo. Akatoa daftari kwenye koti, akalifungulia juu ya gogo la kuparuzia mkonge.

"Kiwanja kilichobaki ni kimoja. Huko mwisho wa mstari, karibu na korongo hili. Mbali na watu."

"Kinafaa."

"Kuna nguruwe."

"Nimesikia."

Abdi Sadala alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi, akafungua ukurasa mpya. Alichora mstari, akasita, akamtazama Mashavu juu ya miwani. Mashavu mwenyewe alikuwa ameshageukia upande wa kiwanja, mguu mmoja mbele.

"Lakini mama, niambie ukweli. Utakaa? Nisije nikakuandika leo, mwezi ujao nikasikia uko Korogwe."

Mashavu alifikiri. Hakutaka kumdanganya.

"Hilo sijui, Mwenyekiti," akasema. "Wewe andika."